Ndege ya Saa Nne na Kumi

Machi 2
Jana alasiri imenyesha mvua ya kwanza, na leo Daktari ameagiza rada iwashwe wiki hii. Daktari ni mkuu wetu wa kituo, mtu anayeagiza kwa sauti ya kuomba chumvi. Nimevaa buti na kukagua nguzo zote za antena, mia moja na arobaini na nne. Tatu zina kutu na moja ina nyigu. Daftari ni lile lile la mwaka jana. Limebaki na kurasa nyingi, sioni sababu ya kuanza jingine.

Machi 3
Nyigu wameshinda raundi ya kwanza.

Machi 4
Tumewasha saa tatu asubuhi. Mtambo wa kurushia ulioungua Mei mwaka jana sasa unanguruma vizuri. Mwangwi umerudi ndani ya dakika mbili. Daktari akasema, "Haya." Kwake hiyo ni hotuba.

Machi 5
Wifi amewasili na masanduku mawili na kompyuta mbili. Ni mdogo wake mume wangu, na ndiye anayetumia takwimu za rada yetu kuandika tasnifu yake ya udaktari. Atakaa kwetu mpaka msimu uishe, katika chumba cha mwanetu aliye chuoni. Mume wangu amefurahi hadi amekosea kukata suruali ya mteja.

Mimi sina neno. Ila sijasahau kwamba miaka sita iliyopita, mbele ya wenzake, alinitambulisha hivi: "Huyu ni wifi yangu, fundi waya." Si uongo. Lakini kuna namna ya kusema.

Machi 6
Wifi akimaliza chai anaacha kikombe juu ya sanduku langu la vifaa, majani yamo ndani. Sanduku lipo kwenye korido, kikombe kina nyumba nzima ya kukaa, kimechagua hapo. Sijasema kitu. Mgeni siku ya kwanza.

Machi 8
Mume wangu kaniuliza tena tunatazama nini huko juu. Miaka kumi na tisa ya ndoa na bado anauliza, nadhani anapenda tu ninavyoeleza. Nikamwambia: juu yetu, kilomita mia na hamsini hivi, kuna hewa nyembamba yenye umeme. Hapa kwetu kwenye mstari wa ikweta hewa hiyo hailali laini, ina makunyanzi. Tunarusha mawimbi, mengi yanapotelea huko, machache yanagonga makunyanzi na kutawanyika, na chembe yake inarudi kwenye antena. Kompyuta inapaka rangi. Kinachokuja kwetu ni bluu, kinachokwenda ni nyekundu. Kwa hiyo makunyanzi yakishuka ni bluu, yakipanda ni nyekundu.

"Na yakitulia?"

"Hayatulii."

"Kama nyie wawili," akasema, akarudi kwenye cherehani yake.

Machi 9
Jumapili. Wifi kaeleza ugunduzi wake mezani. Niandike vizuri maana ndio umemleta hapa.

Vitabu vyote vinasema mchana makunyanzi yanapanda. Mwaka jana, Aprili 14 asubuhi, dhoruba ya jua, ule upepo wa chembe za umeme kutoka kwenye jua, ilifika. Saa mbili na nusu hivi makunyanzi ya kwetu yakaanza kushuka, na hayakupanda tena mpaka mtambo ulipoungua wiki tano baadaye. Wiki tano nzima, bluu tupu. Hakuna aliyewahi kuona kitu kama hicho popote. Na mwaka huu tumewasha, bado bluu. Tasnifu yake yote imesimama juu ya jambo hilo, na atakwenda kuitetea mbele ya wazee wa chuo Mei 12.

Kisha akaweka kijiko chini. "Wifi, siku zile zile ndipo ulipobadilisha waya zilizoliwa na panya. Una hakika nazo?"

"Waya niliunga mimi mwenyewe."

"Najua. Ndiyo maana nauliza."

"Na ndiyo maana nakujibu."

Mume wangu akasema wali leo umeiva vizuri. Kila mtu akakubali kuhusu wali.

Machi 10
Nina miaka ishirini na miwili katika kazi hii. Sijawahi kuambiwa niangalie upya kitu nilichokiunga. Nimeandika hivi ili nisilale nacho.

Machi 11
Mvua. Bluu. Kikombe.

Machi 12
Mvua. Bluu. Kikombe. Nimeondoa nyigu kwa moshi wa magazeti.

Machi 14
Mlinzi wetu wa getini hutumia ndege ya abiria kama saa. Inapita kila asubuhi saa nne na dakika kumi, inatokea upande wa tangi la maji. Leo ilichelewa dakika kumi na moja, naye alinuna kama mtu aliyedhulumiwa. Kwetu ndege ni uchafu tu. Mwangwi wake ni mkubwa, unafunika makunyanzi, kwa hiyo programu ya Daktari inaifuta kabla hata haijafika kwenye skrini. Miaka yote hii ndege inapita juu ya vichwa vyetu na sisi hatujawahi kuiona.

Machi 19
Barua imekuja kutoka kwenye jarida ambako Wifi ametuma makala yake. Wahakiki wanasema jambo ni kubwa mno, wanataka kituo kithibitishe kwa maandishi kwamba waya za vipokezi ziko sawa. Daktari kaniletea karatasi, kasimama pembeni. "Ukipata nafasi," akasema.

Machi 20
Nimepata nafasi. Nimefungua kabati la vipokezi, nimemulika kwa tochi, nikalinganisha lebo moja moja na mchoro. Moja kwa moja, mbili kwa mbili, mpaka nane. Zote sawa. Nimetia sahihi saa sita kamili. Wifi alikuwa mlangoni. Hakusema asante, wala sikuisubiri.

Machi 21
Nimeisubiri kidogo.

Machi 24
Kikombe. Majani ya leo yamekauka yakawa kama rangi ya ukuta. Mwanamke anayehesabu kasi ya kitu kilicho kilomita mia na hamsini juu hawezi kupima hatua nne mpaka kwenye sinki. Simwambii. Nikimwambia nitaonekana namwonea mgeni, na mume wangu atasema tena kwamba yeye ni zipu katikati yetu, tukivutana anafunguka yeye. Basi namwambia daftari.

Machi 28
Upepo mkali tangu alfajiri, umelaza nguzo mbili na kuinamisha ya tatu. Daktari yuko safarini na Mlinzi hawezi kuacha geti. Nilikuwa najiandaa kwenda peke yangu, Wifi akavua viatu vyake vya ofisini, akapandisha sketi, akaingia kwenye tope. Sikumwomba.

Tumefanya kazi tangu saa mbili mpaka saa tisa. Hajui kushika koleo, lakini ukimwambia shika hapa, anashika hapo mpaka umwambie achia. Watu wa namna hiyo ni wachache. Nilipokuwa nakaza kamba ya nguzo ya tatu, akaanza kuzungumza, mvua inamtiririka puani.

"Unajua chuoni wamenicheka mwaka mzima? Kila nikionyesha grafu, mtu ananyoosha mkono, anasema binti, hilo kosa la mtambo. Profesa wangu mwenyewe alisema nitafute mada nyingine."

"Ukawajibu nini?"

"Nikawaambia mtambo ule namjua aliyeuunga. Wifi yangu akiunga kitu kimeungwa." Akapangusa uso kwa kiwiko. "Siku ile mezani nilikuuliza kwa sababu lazima niulize. Si kwamba nilikuwa na wasiwasi."

Nilijifanya kamba imenishinda ili nisimtazame. Nilikuwa nimefurahi, niseme ukweli. Miaka sita nimebeba neno la "fundi waya", kumbe mwenzangu alilibeba kama sifa.

Machi 29
Mgongo. Kikombe. Nimekiosha mwenyewe, bila kinyongo.

Aprili 4
Bluu.

Aprili 9
Bluu. Wifi kamaliza sura ya tano. Mume wangu anamshonea gauni la siku ya utetezi, rangi ya bluu ya bahari kwa heshima ya makunyanzi. Amenipima na mimi pia, anasema hatakubali kushona moja ikawa vita.

Aprili 15
Mvua haijakata siku nne. Chumba cha kabati kinanuka unyevu.

Aprili 22
Niandike taratibu.

Radi zimekuwa nyingi na skrini imejaa mistari. Nikataka kujua mistari hiyo inatoka kwenye radi au kwenye programu, kwa hiyo saa nne kasoro nikazima chujio la Daktari, lile linalofuta uchafu wote. Wifi alikuwa nyumbani anaandika. Mlinzi aliingia kuniambia geti limejaa tope, akasimama kukausha kofia.

Saa nne na dakika nane alama nene ikatokea kwenye skrini, kilomita sitini. Halafu hamsini na mbili. Halafu arobaini na tano.

"Nini hicho?" Mlinzi akauliza.

"Ndege yako."

"Ee, inakuja," akasema, akielekeza kidole upande wa tangi. Thelathini na nane. Thelathini. Akachungulia vizuri. "Mbona nyekundu? Si ulisema nyekundu ni ya kwenda?"

Ishirini na tatu, nyekundu. Kumi na sita, nyekundu. Ikapita juu ya paa, vikombe vikatetemeka, na papo hapo, ilipoanza kutupa mgongo na kilomita kuanza kuongezeka, ikageuka bluu.

"Labda rubani anarudi kinyumenyume," Mlinzi akasema, akavaa kofia na kwenda kwenye geti lake.

Nimekaa kwenye kiti mpaka saa saba. Nikawasha chujio tena. Nimerudi nyumbani nikapika. Hakuna aliyeona kitu.

Aprili 23
Nimefika kazini kabla ya wote na kufungua kabati. Safari hii sikutazama lebo. Niliushika kila waya kwa mkono na kuufuata tangu unapoingia mpaka unapotoka.

Mwangwi unaoingia tunaugawa njia mbili, waya wa saba na waya wa nane, na mmoja unamtangulia mwenzake kwa robo hatua. Kompyuta inachoangalia ni nani katangulia. Akitangulia wa saba, kitu kinakuja. Akitangulia wa nane, kinakwenda. Hiyo ndiyo siri yote ya rangi.

Waya wa saba umeingia tundu la nane. Wa nane umeingia tundu la saba.

Na lebo ziko sawa, kwa sababu lebo niliziandika mimi. Mwaka jana sehemu ya mbele ya kabati ilikuwa imezibwa na mtambo wa zamani, nikafanya kazi nikiwa nyuma, nimejikunja. Mchoro umechorwa kwa mtu aliye mbele. Ukiwa nyuma, kushoto kwako ni kulia kwa mchoro. Nilijua hilo kwa waya sita za kwanza, nikageuza kila mmoja kichwani. Mbili za mwisho sikugeuza. Na Machi 20, nilipothibitisha kwa sahihi, nilikuwa nimemuuliza mwongo kama anasema kweli: nimesoma lebo zangu mwenyewe nikaridhika nazo.

Kwa hiyo hakuna wiki tano. Makunyanzi yalikuwa yanapanda kama kwenye vitabu vyote, na mwaka huu pia yanapanda. Kinachoshuka ni waya zangu.

Nimefunga kabati bila kugusa kitu.

Aprili 24
Bluu. Nimeandika "bluu" kwenye kitabu cha kituo, kwa mkono huu huu.

Aprili 25
Zimebaki siku kumi na saba kabla ya utetezi. Hakuna mtu mwingine anayejua. Mlinzi ameshasahau, anajua tu kwamba ndege iliwahi. Wazee wa chuo wana nakala ya karatasi yenye sahihi yangu, watasoma, watakubali, Wifi atakuwa daktari. Nami naweza kuzirudisha waya mahali pake siku moja ya matengenezo, na dunia itasema hali ile ya ajabu imekwisha.

Nimeandika hayo ili niyaone. Ni mabaya kuliko yalivyokuwa kichwani.

Aprili 26
Mume wangu kaniuliza nina nini. Nikasema mgongo. Wifi kaninunulia dawa ya kuchua.

Aprili 27
Kinachoniogopesha, niseme wazi, si Daktari wala jarida. Nikimwambia Wifi sasa, baada ya miaka sita ya kununiana, ataamini kweli ni bahati mbaya? Mawifi tunajulikana. Hata mimi nisingeamini. Na nikikaa kimya, halafu mtu wa nchi nyingine akaja na rada yake akapima, Wifi ndiye atakayesimama mbele ya watu na kuchekwa, si mimi. Alisema anamjua aliyeunga.

Dawa ya kuchua ni nzuri. Ndilo linaloniumiza.

Aprili 28
Gauni limekwisha. Wifi amelivaa sebuleni, amezunguka mara mbili. Limemkaa.

Aprili 29
Nimemwomba aje kituoni asubuhi, nikamwambia kuna kitu kwenye skrini. Amekuja na daftari lake na kalamu sikioni. Nimezima chujio mbele yake. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha na yote yamenitoroka, kwa hiyo nikasema tu, "Kaa. Tungoje ndege."

"Ndege ya nini?"

"Ya saa nne na kumi."

Ilikuja kwa wakati. Hamsini na tano, nyekundu. Arobaini na nane, nyekundu. Niliona midomo yake inahesabu. Ilipofika thelathini akatoa kalamu sikioni akaiweka mezani taratibu, sambamba na ukingo. Mlio ukaja, ukapita juu, rangi ikageuka. Aliangalia mpaka ikapotea kabisa, na baada ya hapo akaendelea kuangalia mahali ilipokuwa.

"Saba na nane," nikasema. "Nilikuwa nyuma ya kabati."

"Tangu lini umejua?"

"Jumanne iliyopita."

"Leo ni Jumanne."

"Ndiyo."

Nilitamani apige kelele, nina majibu ya mtu anayepiga kelele. Mwisho akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Mezani. Mbele ya kaka."

"Nisamehe, Wifi. Sikufanya kwa ubaya. Nilifanya kwa kiburi, na kukaa wiki nzima nilifanya kwa woga. Ubaya haumo."

Akachukua kalamu yake, akatoka. Mvua ilikuwa inanyesha na mwavuli wake ulibaki hapa kwenye kiti. Bado uko hapa.

Aprili 30
Nimemwambia Daktari. Amevua miwani, ameifuta, ameivaa. "Bora tumeona sisi," akasema, kisha akaandika barua mbili, moja ya kuondoa makala na moja ya kuahirisha utetezi. Hakuniambia neno baya, ila karatasi yangu ya Machi 20 ameirudisha mikononi mwangu badala ya kuichana. Saa nane na robo mchana nimerudisha waya mahali pake, yeye akiwa mbele ya kabati na mimi nyuma. Tumeandika saa na dakika, tumetia sahihi wote wawili.

Skrini ikawa nyekundu kuanzia juu mpaka chini. Sikujua nilikuwa nimeikosa.

Nyumbani Wifi amekula chumbani. Mume wangu ameshaambiwa. Alikaa karibu nami, akaniambia, "Hata mimi nimewahi kushona mkono wa kulia begani kushoto."

"Ukafanya nini?"

"Nikafumua." Ndiyo yote aliyosema.

Mei 2
Wifi amekuja kituoni. Hajaniangalia, amezungumza na Daktari, lakini mlango ulikuwa wazi na nadhani haukuachwa wazi kwa bahati.

Takwimu hazijafa, amesema. Kila kilichopimwa baada ya waya kubadilishwa kinageuzwa alama tu, cha kushuka kinakuwa cha kupanda. Shida ni kujua waya zilibadilishwa saa ngapi hasa. Kitabu cha kituo kinasema: "Aprili 13 na 14, matengenezo." Basi. Siku hizo mbili nilikuwa nazima na kuwasha, waya mmoja baada ya mwingine, na rada ikipima kila nikiwasha. Bila saa kamili itabidi siku zote mbili zitupwe.

"Na dhoruba ilifika ndani ya siku hizo hizo," akasema. "Nikizitupa, sina tasnifu ndogo wala kubwa. Nina grafu za kuthibitisha kitabu cha kidato."

Daktari akaniita. "Mama, unakumbuka ilikuwa saa ngapi?"

Sikumbuki. Ni mwaka mzima. Lakini nilijua pa kuangalia, na nikajua hapo hapo ni kitu gani kingine kimeandikwa kwenye ukurasa huo.

Mei 2, jioni
Nimeufungua. Naunakili hapa, niyaone maneno yangu kwa mkono wa leo.

"Aprili 14. Panya wamelaaniwa. Saa tano na dakika kumi nimezima kwa mara ya mwisho, nimechomoa saba na nane. Wifi kapiga simu nikiwa nimebana lebo kwa meno, anauliza kama rada yetu inaweza kumpa takwimu za tasnifu. Anaongea kama anahutubia bunge. Nimesema ndiyo ili akate simu. Huyo akija kukaa kwetu mimi nahamia bandani kwa kuku. Saa tano na nusu nimewasha. Mwangwi umerudi. Kazi safi."

Kazi safi.

Ningeweza kunakili mistari miwili tu na kumpa. Nimemuuliza Daktari kwa simu. Akasema, kwa upole wake, kwamba nakala niliyoiandika leo ni lebo nyingine tu. Ushahidi ni ukurasa wenyewe, kwa wino wa siku ile, na kurasa za kabla na baada yake ili ionekane haukupachikwa. Maana yake daftari zima.

Na simu ya Wifi mwenyewe ndiyo iliyonikatiza. Sitalisema hilo kama udhuru. Mtu mwenye miaka ishirini na miwili kazini anaweza kupokea simu na bado akajua kushoto na kulia.

Mei 3
(Kwenye karatasi ya kukatia vitambaa ya mume wangu, nitaibandika baadaye.)
Nimelifunga daftari kwa mpira, nimeweka kipande cha uzi mwekundu kwenye Aprili 14, nimegonga mlango wa chumba chake. "Saa zimo humu," nikamwambia. "Ukurasa wenye uzi. Mengine ni upuuzi wangu."

Akapokea kwa mikono miwili. "Asante," akasema, akafunga mlango. Ile asante ya Machi imefika leo, siku mbaya kuliko zote.

Mei 4
(Karatasi ile ile.) Nyekundu. Nimejaribu kukumbuka yote niliyoandika juu ya Wifi tangu Machi. Mwanamke anayehesabu kasi. Siku ngapi za kikombe. Nimeacha kukumbuka.

Mei 6
Daftari limerudi. Nimelikuta mezani kituoni, mpira wake umefungwa, uzi upo palepale. Pembeni ya Aprili 14 ameandika kwa penseli: "Nimesoma ukurasa huu tu na majirani zake." Chini ya "Kazi safi" hakuandika kitu.

Kisha akaniita kwenye skrini yake. Alikuwa hajalala vizuri na alikuwa anatabasamu bila kutaka.

"Angalia, Wifi. Saa mbili na dakika thelathini na tano asubuhi yanaanza kushuka. Waya za zamani hizo, hujazigusa bado, kwa hiyo yanashuka kweli. Saa tano na kumi umezima. Saa tano na nusu umewasha, na hapa, unaona? Nusu saa nyekundu, halafu bluu mpaka mwisho wa msimu. Nusu saa hii ilinitesa mwaka mzima. Niliitupa, niliandika ni kelele za mtambo. Ukiigeuza ni ule ule mshuko, unaendelea mpaka saa sita na dakika tano, halafu yanapanda kama kawaida ya siku zote."

"Kwa hiyo yalishuka."

"Saa tatu na nusu. Yalishuka kweli saa tatu na nusu, dhoruba ilipopiga." Akahesabu tena kwa kidole. "Nilikuwa na wiki tano za uongo. Sasa nina saa tatu na nusu za kweli."

"Zinatosha udaktari?"

"Ni ndogo," akasema. "Lakini hazinyooshewi mkono." Utetezi umepangwa Septemba. Ameniomba sura ya makosa ya vipimo niiandike mimi, kwa maneno yangu, kuanzia panya mpaka ndege. Nimesema nitajaribu. Jina langu litakuwa kwenye sura hiyo. Nilimuuliza ataandika cheo gani, akasema, "Fundi waya. Au una kingine?"

Nikasema hicho hicho.

Mei 8
Mvua imepungua, jua limetoka kidogo saa tatu. Nyekundu tupu. Chujio nimeliacha limezimwa kwa dakika ishirini kila asubuhi, Daktari amekubali, tuipime ndege kwanza ndipo tupime mbingu. Mlinzi anaingia kuitazama, anaiita mkaguzi mkuu.

Jioni nilipofika nyumbani nilipita kwenye korido kuweka bisibisi. Juu ya sanduku langu la vifaa hapakuwa na kitu. Kikombe kilikuwa jikoni, kimeoshwa, kimeinamishwa juu ya kitambaa kisafi, na kichujio cha chai pembeni yake.

Habari ya kikombe hicho sijawahi kumwambia mtu yeyote.